Griffiths wa kwenye tanbihi za Isis na Osiris ni nani hasa?

Swali nililoletewa: "Shikamoo mwalimu. Naandika tasnifu ya shahada ya pili kuhusu Isis na Osiris, na kila kitabu nikifungua nakutana na J. Gwyn Griffiths kwenye tanbihi. Msimamizi wangu anasema alikuwa mtu wa Kigiriki na Kilatini, rafiki yangu anasema ni mtaalamu wa Misri, halafu juzi nimeona mahali anatajwa kama mshairi wa Kiwelshi. Ni mtu mmoja au watatu? Na nianze na kitabu chake kipi?"

Marahaba dada yangu, na pole na kazi, tasnifu najua inavyokula usingizi. Jibu fupi ni kwamba huyo ni mtu mmoja. Anaitwa John Gwyn Griffiths, kazaliwa 1911 huko Porth, bonde la Rhondda, kusini mwa Wales, kafariki 2004. Kazi iliyomlipa mshahara ni kufundisha Kigiriki na Kilatini cha kale chuo kikuu cha Swansea. Misri aliingia kwa mlango wa Kigiriki, akazama mpaka akawa mmoja wa wakubwa wa fani, na mashairi ya Kiwelshi aliandika tangu ujana mpaka uzee. Kwa hiyo msimamizi wako yuko sawa, rafiki yako yuko sawa, na ulichokiona juzi nacho ni sawa. Ila ukitaka kumtumia vizuri inabidi ujue hivi vitu vitatu viliunganaje, na hapo ndo nataka tukae kidogo.

Anza na Rhondda. Hilo ni bonde la makaa ya mawe, nyumba za wachimbaji zimepangana mstari mmoja mrefu kando ya mlima, na kila baada ya nyumba chache kuna kanisa. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kibaptisti. Sasa ukisikia mchungaji wa Wales wa enzi zile usifikirie mahubiri peke yake, kanisa lilikuwa ndo shule ya lugha. Shuleni mtoto alifundishwa kwa Kiingereza, Jumapili kanisani watu wazima na watoto wanakaa na Biblia ya Kiwelshi wanaisoma mstari kwa mstari na kubishana maana yake. Mtu aliyekulia hapo anajifunza mapema kwamba neno moja kwenye maandiko linaweza kukalisha watu saa nzima. Na anajifunza kitu cha pili, kwamba lugha ya nyumbani inaweza kufa ukiiangalia. Mwaka aliozaliwa, sensa ya 1911, Wawelshi waliokuwa wanaongea Kiwelshi walikuwa kama asilimia 43, alipokaribia umri wa miaka 50 sensa ya 1961 ikatoa asilimia 26. Hiyo siyo historia ya kusoma kitabuni kwake, ni majirani zake, ni watoto wa mtaani kwake waliokuwa wanajibu wazazi wao kwa Kiingereza.

Akasoma Cardiff, Kilatini na Kigiriki, akapita Liverpool, kisha Oxford, na udaktari wake wa Oxford ulihusu ugomvi wa Horus na Seth, miungu wawili wa Misri ya kale, yaani tayari kijana wa Kigiriki keshahamia mto Nile. Oxford ndo alikutana na Käthe Bosse, na bila huyu mama hadithi ya Griffiths haisimami, kwa hiyo nipe dakika.

Käthe alikuwa Mjerumani wa Wittenberg, mji wa Luther, kazaliwa 1910. Alikuwa na udaktari wa Munich kuhusu sanamu za binadamu za Misri ya zama za mwisho, akapata kazi makumbusho ya Berlin, wakamfukuza ilipojulikana mama yake ana asili ya Kiyahudi. Akakimbilia Uingereza mwaka 1936, akapata vibarua vya kitaaluma huku na kule mpaka akafika Oxford. Wakaoana 1939, mwaka uleule vita ilipoanza. Mama yake alibaki Ujerumani, na mwaka 1944 alifia kwenye kambi ya Ravensbrück. Mtoto wao Heini Gruffudd alikuja kuandika kitabu kizima kwa Kiwelshi kuhusu ukoo huo na mateso yake, kikashinda tuzo ya kitabu cha mwaka Wales mwaka 2013.

Sasa angalia alichofanya Käthe alipofika bondeni. Mkimbizi, Mjerumani, katikati ya vita, yuko Pentre ndani ya Rhondda, mume ni mwalimu wa Kilatini wa sekondari. Angeweza kujifunza Kiingereza kizuri akaishia hapo, na hakuna ambaye angemlaumu. Akajifunza Kiwelshi. Tena siyo Kiwelshi cha kuombea chumvi, mwaka 1941 keshatoa riwaya, Anesmwyth Hoen, na 1957 akatoa nyingine, Mae'r Galon wrth y Llyw. Mimi kila nikisoma habari hii nasimama hapo kwanza, mtu aliyenyang'anywa nchi yake anachagua lugha iliyo hatarini na kuifanya yake ya kuandikia.

Nyumba yao waliiita Cadwgan, na wakati wa vita ikawa kijiwe cha waandishi vijana, Pennar Davies, Rhydwen Williams na wengine, ndo kinaitwa Kundi la Cadwgan. Wanakutana, wanasomeana walichoandika, wanabishana kuhusu dini, amani, mapenzi, siasa ya Wales na fasihi ya Ulaya, kwa Kiwelshi, wakati huo redio inatangaza mabomu. Walikuwa wapinga vita. Diwani ya Griffiths ya 1944 inaitwa Yr Efengyl Dywyll, yaani Injili ya Giza, na jina lenyewe linakuonyesha mtoto wa mchungaji yuko wapi mwaka ule. Baada ya vita akawa mmoja wa wahariri wa jarida la Y Fflam, yaani Mwali, lililotoka 1946 mpaka 1952, na ndani yake wale vijana wa kijiweni wakapata pa kutolea kazi. Alikuwa pia mtu wa Plaid Cymru, chama cha kutetea Wales, aligombea ubunge jimbo la Gower na hakupata. Upande huu wa siasa napita haraka kwa sababu kwenye tasnifu yako hautakusaidia sana, ila ujue ulikuwepo na ulikuwa wa moyo.

1946 akaingia Swansea kama mhadhiri wa Kigiriki na Kilatini, na hapo ndo alikaa mpaka kustaafu 1979, mwisho akiwa profesa wa fani hizo pamoja na elimu ya Misri.

Sasa tuje kwenye kinachokuhusu zaidi. Kwa nini kila tanbihi ni Griffiths?

Kwa sababu hadithi ya Isis na Osiris ina tatizo moja kubwa ambalo wengi wanalirukia. Wamisri wenyewe hawakuiandika moja kwa moja toka mwanzo hadi mwisho. Ukienda kwenye maandishi ya piramidi, ya kwanza kabisa ni ya mfalme Unas pale Saqqara, kama mwaka 2350 kabla ya Kristo, unakuta vipande tu, Osiris kaangushwa ubavu mahali panapoitwa Nedit, mkewe Isis na dada yao Nephthys wanamtafuta, ndugu yao Seth analaumiwa, basi. Maana wote waliokuwa wanasikia walikuwa wanaijua, huhitaji kumsimulia mtu hadithi anayoijua toka utotoni. Aliyekuja kuisimulia nzima ni mgeni, Plutarch, Mgiriki, kuhani wa Delphi, mwanzoni mwa karne ya 2 baada ya Kristo, kwenye kitabu alichomwandikia mama mmoja anaitwa Clea, naye kuhani wa kike palepale Delphi. Kwa hiyo hadithi unayoijua wewe, na niliyofundishwa mimi, ya sanduku lililopimwa kwa urefu wa Osiris, karamu, Osiris anajilaza ajaribu, Seth na wenzake 72 wanafunika wanapiga misumari wanalimwagia madini ya risasi yaliyoyeyushwa halafu wanalisukuma mtoni, hiyo ni hadithi ya Wamisri mdomoni mwa Mgiriki.

Swali linakuja, utajuaje wapi Mgiriki kasema kweli na wapi katia ya kwake? Mtu wa Kigiriki peke yake hawezi kujibu, Kimisri hajui. Mtaalamu wa Misri wa kawaida naye hawezi, Plutarch atamsoma kwa tafsiri na hatoona pale neno la Kigiriki linapobeba falsafa ya Plato mgongoni. Griffiths alijua pande zote mbili. Toleo lake la kitabu hicho lilitoka Cardiff mwaka 1970, mchapishaji akiwa chuo kikuu cha Wales, zaidi ya kurasa 600, kuna utangulizi, Kigiriki chenyewe, tafsiri, kisha ufafanuzi wa sura kwa sura ambao ndo moyo wa kazi.

Nikuonyeshe kwa karibu, chukua mifano mitatu uifuatilie mwenyewe.

Wa kwanza, majina. Sura ya 2 Plutarch anamwambia Clea kwamba Isis ni jina la Kigiriki, linatokana na kitenzi cha kujua, kwa hiyo mungu wa kike wa maarifa. Hapana, jina ni la Kimisri, kavutia kwake. Ukishaona hivyo unataka kumtupa, mwongo huyu. Subiri ufike sura ya 10, anasema wengine wanaeleza jina Osiris kuwa ni mwenye macho mengi, maana kwa Kimisri os ni nyingi na iri ni jicho. Na hapo, dada, maneno ni ya Kimisri kweli, neno la wingi lipo na neno la jicho lipo. Maelezo yenyewe ya jina siyo sahihi, lakini hayo maneno mawili hakuyaota, kuna mtu aliyejua Kimisri nyuma yake. Kitabu kimoja, sura nane tu katikati, upande mmoja Mgiriki anajitungia, upande mwingine anapokea kutoka kwa mwenye nyumba. Usipoangalia neno moja moja utamwamini pote au utamkataa pote, na kote utakuwa umepotea.

Wa pili, mtoto wa Byblos. Sanduku limefika Byblos, pwani ya Foinike, Lebanoni ya leo, mti umelizunguka, mfalme kaukata kafanya nguzo ya nyumba. Isis anaingia kama mlezi wa mtoto wa malkia, usiku anamweka motoni kuunguza vilivyo vya kufa mwilini mwake, na yeye anageuka mbayuwayu analia akiizunguka nguzo. Malkia anachungulia, anapiga kelele, mtoto anakosa kutokufa. Mtu aliyesoma utenzi wa kale wa Kigiriki wa Demeter, mungu wa kike wa nafaka, anashtuka hapohapo, ni kisa kilekile cha mji wake wa Eleusis, mlezi mgeni, mtoto, moto, mama anayepiga kelele. Hapa Ugiriki imeingia ndani ya Misri. Nikwambie ukweli, nilipokuwa mwanafunzi niliandika insha nzima kuhusu imani ya Wamisri juu ya moto na kutokufa, ushahidi wangu mkubwa ukiwa hiki kisa, maana nilisoma tafsiri tupu isiyo na ufafanuzi. Mwalimu wangu aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu neno moja tu: Demeter. Nikaenda maktaba kumtafuta Griffiths, na toka siku hiyo sijafundisha Plutarch bila yeye mezani.

Wa tatu ndo naupenda kuliko yote. Sura ya 19, Horus, mtoto wa Isis na Osiris, kamshinda Seth kamkabidhi kwa Isis akiwa kafungwa, Isis anamwonea huruma anamwachia. Horus anakasirika, anamvua mama yake taji kichwani, halafu mungu Hermes anampa Isis kofia yenye kichwa cha ng'ombe. Inasomeka ajabu kidogo, si ndiyo? Taji linavuliwa na badala yake anapewa kichwa? Nenda kwenye papiro ya Kimisri inayoitwa Chester Beatty ya kwanza, ya enzi za Ramesses wa tano, zaidi ya miaka 1,200 kabla ya Plutarch. Pale Horus havui taji. Anamkata mama yake kichwa, anaondoka nacho kupanda mlimani, na Isis anabaki sanamu la jiwe gumu lisilo na kichwa. Ukirudi sura ya 20, Plutarch mwenyewe anakiri kwamba ameacha yale mabaya zaidi, kama habari ya Isis kukatwa kichwa. Kumbe alijua! Kaficha kwa heshima, lakini kichwa cha ng'ombe kikabaki kwenye hadithi kama kovu. Bila papiro, sura ya 19 ni kisa cha kijana kukosa adabu. Ukiwa na papiro unaona mtu akifunika kitu, na unaona mpaka mkono unaofunika.

Sasa ndo utaelewa kwa nini nimekuanzishia na Rhondda. Huyu mtu utu uzima wake wote alikuwa anasikia habari za watu wake zikisimuliwa na jirani mwenye lugha kubwa. Alijua kwamba msimulizi mgeni anaweza kuwa mtu mzuri, mwenye heshima, mwenye kupenda anachosimulia, na bado akabadilisha jina la mwenye nyumba. Sisemi aliandika hivyo popote kwenye ufafanuzi wake, ufafanuzi ni mkavu, ni wa kazi. Nasema mimi, baada ya kumsoma miaka mingi. Ule uvumilivu wa kumsikiliza Plutarch mpaka mwisho, halafu kwenda kumuuliza Mmisri kwa Kimisri, mtu hauokoti njiani.

Kitabu cha pili unachokihitaji ni cha 1975, kilitoka Leiden, ufafanuzi wa kitabu cha 11 cha riwaya ya Apuleius. Apuleius ni mwandishi wa Kilatini wa karne ya 2, Mwafrika wa Madauros, sehemu ambayo leo ni Algeria. Lucius, mhusika mkuu, kageuzwa punda kwa uchawi, kahangaika mpaka kitabu cha kumi, mwishoni yuko ufukweni Kenchreae karibu na Korintho, mwezi umejaa, anamwomba mungu wa kike asiyemjua jina. Isis anamtokea. Na anajitambulisha kwa majina ambayo kila taifa linamwita, Wafrigia hivi, Waathene vile, Wakupro, Wakrete, Wasisilia, kila mtu na lake. Halafu anasema kuna watu wanaoniita kwa jina langu la kweli, malkia Isis, na anawataja, wakiwemo Waethiopia na Wamisri. Waethiopia hapa ni watu wa kusini mwa Misri, upande wa Nubia. Kesho yake kwenye maandamano ya Isis punda anakula maua ya waridi kutoka mkononi mwa kuhani, ngozi inamtoka, anakuwa mtu. Griffiths anachukua haya yote, mavazi, vyombo, meli ya Isis, usiku wa kuingizwa kwenye siri za dini, anaangalia kipi ni cha Misri, kipi ni cha Kigiriki, kipi ni fasihi tu. Kama sura yako moja inahusu Isis nje ya Misri, huwezi kukwepa kitabu hiki.

Halafu kuna upande ambapo inabidi uwe makini naye. Kitabu chake cha 1960, cha Horus na Seth, kilichotokana na utafiti wa Oxford, kinatetea kwamba ugomvi wa miungu hawa una kumbukumbu ya kweli ndani yake, mapambano ya kisiasa ya kabla ya nasaba za wafalme, na kwamba mwanzoni kisa hiki kilikuwa mbali na kisa cha Osiris, vikaja kuunganishwa. La kuunganishwa kwa visa viwili mimi naliona lina nguvu. La siasa, mh, 1967 Mholanzi Herman te Velde alitoa kitabu chake kuhusu Seth akapinga hii tabia ya kugeuza hadithi ya miungu kuwa historia ya vita vya makabila, akamsoma Seth kama nguvu ya vurugu ambayo ulimwengu wa Kimisri unaihitaji. Mimi niko karibu zaidi na te Velde hapo, na wengi wa sasa wako huko. Hiyo haimshushi Griffiths, ushahidi alioukusanya wa Kimisri na wa Kigiriki bado unatumika hata na wanaompinga. Ila usije ukaandika kwenye tasnifu "Griffiths amethibitisha" ukaishia hapo, mtahini atakukamata.

Kuhusu asili ya Osiris, kitabu chake cha 1980, msimamo ni kwamba Osiris alianza kama mtawala wa wafu, akifungamana na mfalme aliyekufa, na mambo ya mimea na rutuba yalikuja baadaye. Zamani watu walizoea kinyume, kwamba ni mungu wa nafaka inayokufa na kuota tena. Ukiwa unatumia vitabu vya zamani hakikisha unajua mwandishi yuko upande upi.

Nirudi kwenye Kiwelshi maana umeuliza. 1965 mpaka 1966 alikuwa Cairo, profesa mgeni, na kilichotoka, mbali na utaalamu, ni diwani ya 1969, Cerddi Cairo, mashairi ya Cairo kwa Kiwelshi. Käthe naye akatoa kitabu cha safari zao Misri, kwa Kiwelshi vilevile. Halafu 1978 ikatoka kazi ninayoiona ya maana sana, tafsiri ya Kiwelshi ya kitabu cha Aristotle kuhusu ushairi, moja kwa moja kutoka Kigiriki, na utangulizi na maelezo. Aliiita Barddoneg. Angalia neno hilo lilivyojengwa: bardd ni mshairi, barddoniaeth ni ushairi, na ile -eg ya mwisho ndiyo hutumika kwenye majina ya taaluma, kama daeareg, elimu ya miamba. Kwa hiyo Barddoneg ni elimu ya ushairi, neno la Kiwelshi toka kichwa hadi mkia, wala hakukopa la Kigiriki na kulivalisha kofia. Na sisi tunaofundisha kwa Kiswahili tunajua uzito wa kazi hiyo, kuna siku unakaa na neno moja asubuhi mpaka adhuhuri.

Wakati huohuo, 1970 mpaka 1978, ndiye alikuwa mhariri wa jarida kubwa la akiolojia ya Misri la Uingereza, lile utakaloliona limefupishwa JEA kwenye marejeo yako. Fikiria ratiba ya huyo mtu, mchana makala za dunia nzima kuhusu papiro na makaburi, usiku Aristotle kwa Kiwelshi.

Na kuna makreti. Tajiri wa dawa Henry Wellcome alikusanya vitu vya kale vya dunia nzima maishani mwake, alipofariki vikabaki stoo miaka na miaka, vikaanza kugawiwa. 1971 Swansea ikapokea makreti 92 ya vitu vya Misri. Aliyeyafungua na kuvipanga ni Käthe, shanga, vitambaa, vyungu, majeneza, kitu kimoja kimoja, anakitambua, anakiandikia maelezo. Yule msichana aliyefukuzwa makumbusho ya Berlin. Mkusanyiko huo ndo msingi wa makumbusho ya Misri yaliyofunguliwa ndani ya chuo cha Swansea mwaka 1998, mwaka uleule aliofariki Käthe. Mpaka leo yapo.

Griffiths aliendelea kuandika uzeeni. 1991 akatoa kitabu kuhusu hukumu ya miungu katika dini za kale, na 1996, umri miaka 84, kitabu kuhusu utatu wa miungu, kutoka Misri mpaka mafundisho ya Kikristo. Mtoto wa mchungaji karudi nyumbani na swali lake. Wana wao wawili wote ni watu wa vitabu vya Kiwelshi, Robat ndo mwanzilishi wa Y Lolfa, kampuni ya uchapishaji, na Heini, mbali na kile kitabu cha ukoo, ameandika vitabu ambavyo watu wengi wamejifunzia Kiwelshi.

Sasa la mwisho, uanze na kipi. Usianze na kile cha 1960. Chukua Plutarch wa 1970, soma kwanza sura ya 12 mpaka ya 20 kwenye tafsiri bila kugusa ufafanuzi, uandike kwenye daftari vitu unavyodhani ni vya Kimisri na vile unavyodhani ni vya Kigiriki. Ndo ufungue ufafanuzi, ulinganishe. Itakuchukua kama wiki mbili ukienda taratibu. Ukimaliza hapo nenda kile cha 1980 cha asili ya Osiris, kisha Apuleius kama sura yako ya Warumi bado ipo kwenye mpango. Te Velde msome sambamba na cha 1960, siyo baada yake. Kama maktaba yenu haina Plutarch huyo, waombe waazime maktaba nyingine, na ukipata muda mfupi tu wa kukaa nacho, piga picha ufafanuzi wa sura ya 10, ya 16 na za 19 na 20 kabla ya kitu kingine chochote.